Shanga Zenye Shingo: Awoi Anamngoja Mama Aliyemzika Akiwa Hai

Upepo wa Kakuma haukupi nafasi ya kumaliza chai. Asubuhi hii umeshaanza kuchapa mabati ya ukumbi wa kanisa, na vumbi linaingia kwa mlango, kwa dirisha, hata kwa tundu la msumari. Ndani, Awoi Lomunokol amepiga magoti sakafuni, sindano mdomoni. Anafunga ngozi ya mbuzi kwenye fito mbili ili isimame wima.

Gari likipita nje, anainua kichwa. Likienda zake, anarudi kwenye ngozi.

"Hiyo ni ya maji," anasema bila kuulizwa. Likipita la pili, anasema ni la askari. Anayajua kwa mlio. Lile analolisubiri ni pikapu kuukuu ya kutoka Kaikor, na ndani yake, Mungu akipenda, atakuwemo mama yake mzazi, Namuar.

Kando ya goti lake kuna kikapu cha majani ya mkoma kilichofunikwa kwa leso. Ndani ya kikapu kuna shanga za Namuar, nyuzi zote, kutoka ile ya mabegani mpaka ile inayogusa kidevu. Ni mwaka wa pili sasa hazijavaliwa na mtu. Mama amezikataa. Kama leo atakuja na kuzipokea, Awoi atakuwa amerudi kuwa mtoto wa mtu. Asipokuja, basi.

Awoi ana miaka arobaini na moja. Sokoni Lodwar wanamwita Mama Abei, kwa jina la binti yake wa kwanza. Anakaa kwenye kivuli cha duka la unga, ametandaza gunia, na shanga zimo ndani ya vifuniko vya chupa, kila rangi na kifuniko chake. Ushanga wako ukikatika unampelekea yeye. Siku nzuri anapata shilingi mia nne au tano. Siku ya upepo mkali shanga zinaruka, na kazi inakuwa kuziokota mchangani.

Kazi ya pili haimlipi kitu. Anazunguka manyumbani akiomba vitu vya zamani, anavipanga ukumbini au ndani ya darasa la shule, halafu anaita watu waje waone walikotoka. Amefanya hivyo Lodwar, Lorugum, na sasa Kakuma. Kiingilio hakuna. Kikundi chake cha kina mama kinachanga mafuta ya gari, na kanisa linatoa ukumbi.

"Watoto wetu wanajua jina la mchezaji mpira wa Ulaya na jina la mke wake," anasema. "Muulize jina la nyanya yake. Anakuambia, si anaitwa Nyanya."

Hili la watoto ni la kweli, na mama yeyote anayesoma hapa analijua. Tunawapeleka shule, tunashukuru, lakini wakirudi hawajui hata kile chombo cha mbao kilichokuwa cha kukamulia maziwa. Wanakitilia chumvi. Halafu anakuja mtu na gari kutoka mbali, anakinunua kwa bei ya soda, na kesho kiko dukani Nairobi kwenye kioo. Kikitoka hakirudi.

Ndani ya ukumbi wa Kakuma leo kuna vyombo vya maziwa, vyeusi kwa moshi na mafuta. Kuna vigoda vya wanaume, vile vidogo vinavyokaliwa mchana na kulaliwa kichwa wakati wa kupumzika. Kuna debe la mafuta ya msaada la mwaka ule wa njaa kubwa, lililokunjuliwa likawa mlango wa nyumba, na bado ukiinama unaona maandishi. Kina mama wakubwa wakifika kwenye debe hilo wanainama kwanza. Hakuna anayewaambia wainame.

Na kuna ile ngozi ya mbuzi. Awoi akishaisimamisha, ndipo unaona kwamba ni ramani ya Kenya, imeshonwa kwa shanga. Ila ni ramani ya namna yake. Turkana imejaa kuanzia juu mpaka katikati, ziwa lake limekaa kwa raha, Kaikor ipo, Lokori ipo, hata njia ya mbuzi ipo. Huko chini nchi imebanana. Mombasa imekunjamana kwenye ukingo, karibu na mguu wa mbuzi.

Achai Bior, mama kutoka Sudan Kusini anayeishi kambini, amekuja mapema kutundika kitambaa chake. Anasimama mbele ya ngozi, mikono kiunoni.

"Mama Abei, na Nairobi iko wapi?"

"Ngozi iliisha," anajibu Awoi. Anaeleza kwamba alianza na kwao kwa sababu ndiko anakokujua, akaenda akishuka, na alipofika chini mbuzi akawa amekwisha. Aliwaza kuifumua. Halafu akafikiri kwamba kwenye ramani nyingi alizoziona shuleni, ilikuwa Turkana iliyokuwa tupu, kama mwenye kuchora aliishiwa wino. Akaiacha hivyo.

Achai anacheka. Ni rafiki wa siku nyingi, walijuana kwa kuuziana uzi. Alikuja Kakuma akiwa msichana, amebeba shuka la kitanda alilotariziwa na mama yake, maua mekundu na ndege wawili. Mama alibaki njiani. Shuka hilo ndilo analotundika leo, na ndilo kitu pekee ukumbini kilichotoka nje ya Kenya.

Kuna wanaume waliosema shuka la mkimbizi halina kazi kwenye historia ya Turkana. Awoi aliwajibu kwamba Kakuma bila kambi ni Kakuma ya zamani sana, na yeye hataki watoto wafundishwe nusu. Wakanung'unika wakaondoka. Mmoja amerudi leo, amesimama mlangoni, anaangalia wale ndege wa kwenye shuka.

Achai naye ana utani wake. Huku kwetu mtu akisafiri kwenda Kitale au Nairobi, wazee bado wanasema ameenda Kenya. Achai hajaacha kuushangaa usemi huo.

"Mimi nina karatasi ya mkimbizi, nilikuja kwa miguu," anamwambia Awoi huku akipiga fundo. "Wewe umezaliwa hapa, una kitambulisho, na unasema unaenda Kenya. Sasa kati yetu mkimbizi ni nani?"

Wanawake waliokaa kwenye mkeka wanaangua kicheko. Awoi pia anacheka, lakini jicho liko mlangoni.

Ni wanawake hao wa kwenye mkeka wanaofanya maonyesho haya yasifanane na mengine. Wamekuja na shanga zao shingoni, kila mmoja na mahali pake. Ukitaka kuona shanga za mwanamke aliyeolewa, unamwendea mwenyewe, unamsalimu, "Ejok," naye anakuitikia, unamuuliza. Akipenda anakujibu. Akichoka anakuambia nenda kwa mwenzangu.

Ukutani hakuna hata ushanga mmoja. Hiyo ni sheria ya Awoi. "Shanga zinakuja na shingo yake," anasema. "Bila shingo sizipokei."

Sheria hiyo aliipata kwa gharama.

Miaka miwili iliyopita Namuar aliugua kifua. Aliletwa hospitalini Lodwar kutoka malishoni, mbele ya Kaikor, na ili apigwe picha ya kifua ilibidi shanga zivuliwe. Jambo hilo si dogo. Mwanamke wa Kiturkana havui shanga kama anavyovua kiatu. Analala nazo, anateka maji nazo, anazaa nazo. Akizivua, kuna ugonjwa au kuna kifo. Namuar aliwahi kuzivua mara moja tu kabla ya hapo, alipofiwa na mumewe, baba yake Awoi.

Nyuzi zilikuwa zimechakaa, nyingine zikakatika mkononi mwa nesi. Awoi akazikusanya zote kwenye leso. Mama alipopata nafuu akamwambia binti yake azishone upya kwa uzi wenye nguvu, kisha amtumie. Akarudi Kaikor na uzi mmoja mwembamba shingoni, akingoja zingine.

Awoi alizishona. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na hapo ndipo shetani alipokaa. Maonyesho yake ya kwanza makubwa pale Lodwar yalikuwa karibu. Akawaza, kabla sijazituma, watu wazione kidogo tu. Akagonga msumari ukutani, akazitundika katikati ya ukuta, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: Shanga za Namuar, Kaikor.

Hakuomba. Alidhani kitu cha mama ni kitu chake.

Watu waliingia, wakasifu, wakapiga picha. Wa mjini hawakuona kitu. Lakini kulikuwa na mfanyabiashara wa Kaikor, Lokorio, aliyekuja Lodwar kununua unga. Akapita kuchungulia. Akaziona shanga anazozijua, hazina mwenyewe, zimening'inia kwenye msumari, na jina liko chini kama la kwenye msalaba.

Sasa utauliza, si angemuuliza Awoi? Alikuwa pale pale. Lakini kwao mfiwa hachokonolewi kwa maswali, wala jina la marehemu halitajwi mbele ya mtoto wake kama la mtu wa kawaida. Lokorio alifanya yanayompasa mtu mwenye adabu. Aliinamisha macho, akampa Awoi mkono, akaushika muda mrefu bila neno, akaweka kilo ya sukari mezani, akatoka.

"Nilifurahi sana," Awoi anakumbuka. "Nikasema, huyu mzee ameyapenda maonyesho mpaka amekosa la kusema. Nikamwambia asante, karibu tena."

Lokorio aliona jibu hilo ni la ajabu, lakini akaliweka kwenye hesabu ya uchungu. Alipofika nje alimpigia simu Ekeno, kaka yake Namuar, aliyeko Lokori, akampa pole.

Ekeno akampigia Awoi. Simu ilikuwa imezimwa, imeachwa dukani inachajiwa. Kule malishoni Namuar hana simu wala mtandao. Basi Ekeno akanyoa kichwa. Dada zao wawili wakavua shanga zao, wakanyoa. Wakapanda magari, wakabadilisha magari, Lokori hadi Lodwar, Lodwar hadi Kaikor, wakalala njiani kwa sababu laga, ule mto mkavu wa msimu, ilikuwa imejaa maji.

Huko Kaikor mjini wenye maduka walishapata habari. Wakafuatana nao. Kufika bomani lilikuwa kundi zima, wanawake wanalia, na Ekeno mbele, sauti imemkauka.

Namuar alikuwa anakamua mbuzi. Alisikia vilio, akaangalia vichwa vilivyonyolewa, akaziona shingo tupu za dada zake. Akaacha mbuzi, akashika kichwa.

"Nani amekufa?" akauliza.

Ekeno hajasahau mpaka leo. "Nililia njia nzima," anasema, "halafu marehemu akaniletea maziwa."

Leo wanacheka wakisimulia. Siku ile hakuna aliyecheka. Mtu aliyeliliwa akiwa hai amewekewa njia ya kaburini, na njia ikishafunguliwa ni nani atakayeifunga? Ilibidi mbuzi achinjwe, na Namuar apakwe yale majani yaliyosagika tumboni mwa mbuzi, kifuani na mgongoni, wazee wakimwombea arudi kwa watu. Baada ya hapo katekista naye akaja akasali, ili pasiwe na upande uliosahaulika.

Nawaambia wenzangu mnaosoma, simu hizi zinaua watu ambao hawajafa. Kabla hujamtumia mtu pole, tafuta kwanza mwenye habari. Na nyinyi vijana mnaopiga picha vitu vya wazazi wenu mkavirusha huko mnakovirusha, ulizeni. Mama aliye hai ana mdomo. Atakwambia ndiyo au hapana, na hapana yake haitakuua.

Awoi alipopata habari alipanda gari siku hiyo hiyo na kikapu chake. Alifika Kaikor, akapiga magoti, akamnyooshea mama shanga zilizoshonwa upya.

Namuar hata hakuzigusa.

"Hizo ni za marehemu," akamwambia. "Mpelekee marehemu."

Akavua na ule uzi mmoja mwembamba uliobaki, akautia kikapuni juu ya zingine. Tangu siku hiyo shingo yake ni tupu. Wageni wakipita na kumwona hivyo, wanamuuliza kwa heshima amefiwa na nani. Jibu lake linajulikana sasa Kaikor yote. "Nimefiwa na mimi mwenyewe," anawaambia.

Habari ya namna hiyo inatembea. Awoi alirudi Lodwar akakuta kina mama waliomkopesha vitu wamepanga foleni kuvidai. Walisema kwa upole, lakini walivichukua. Nani atampa kitu mtu aliyemzika mama yake kwa msumari? Hata sokoni wateja walipungua, wengine wakaogopa kumwachia ushanga usiku mmoja.

Angeweza kuacha. Wengi wetu tungeacha, tukabaki na gunia letu na vifuniko vya chupa. Yeye alianza kwenda nyumba kwa nyumba bila kuomba kitu. Aliwaambia wanawake kwamba haombi shanga, anaomba wao wenyewe waje. Waje nazo, waketi, wazungumze, na jioni waondoke nazo. Wa kwanza kukubali alikuwa Achai, ambaye si Mturkana wala hana shanga za Kiturkana. Alikuja Lodwar na shuka lake, akaketi kando yake siku nzima akiwaambia watoto wasiliguse kwa mikono ya mandazi.

Wengine walimfuata kwa sababu ya kumwona Achai. Ndivyo yalivyozaliwa maonyesho ya shingo. Mwalimu mmoja wa Lorugum anasema darasa lake lilijifunza zaidi kwa kubishana na nyanya mmoja kuliko kwa vitabu vya mwaka mzima, kwa kuwa nyanya alikuwa anabisha pia.

Kwa Namuar, Awoi alimtuma mjomba Ekeno. Mara ya kwanza Ekeno alirudi na kimya. Mara ya pili alirudi na kimya. Mwezi jana alirudi na maneno, na Awoi anayasema polepole kama yalivyosemwa.

"Ulinizika mbele ya watu. Ukitaka nirudi, nirudishe mbele ya watu. Si hapa kwangu kwa siri."

Ndiyo maana leo kila gari linamwinua kichwa.

Wanafunzi wa shule ya jirani wameshafika, wamejaa ukumbini na jasho lao na maswali yao. Watu wa kambini nao wanaingia, vijana wanaongea Kiswahili chao cha mchanganyiko, nusu Nairobi, nusu Kongo. Kijana mmoja anamuuliza mama kwenye mkeka kama shanga hazimwashi. Mama anamuuliza kama hereni yake haimwashi. Wenzake wanampigia makofi mama.

Pikapu inafika wakati Awoi hasikilizi. Anamweleza mtoto kuhusu debe la msaada, na mtoto anamvuta nguo anamwonyesha mlango.

Namuar ni mwembamba na mrefu, na shingo tupu inamfanya aonekane mrefu zaidi. Ekeno yuko nyuma yake na pembe ndogo ya mafuta. Mama hamsalimu binti yake. Anaingia, anauliza swali moja.

"Ukuta uko wapi?"

Anazunguka ukumbi mzima, polepole, akiangalia kuta kama mtu anayetafuta msumari. Anaangalia ramani ya ngozi. Anaangalia shuka la Achai, na mkono wake unasimama hewani karibu na ndege bila kugusa.

"Ya nani?" anauliza.

"Ya mama yangu," anasema Achai. "Mimi niliuliza kwanza, Nyanya. Niliota nikamuuliza."

Namuar anaitikia kwa kichwa. Anapita kwa wanawake wa kwenye mkeka, mmoja mmoja, anawapa mkono. Ejok. Ejok. Haoni msumari wenye shanga. Akimaliza anamwambia Ekeno amletee kigoda, anaketi katikati ya ukumbi, mahali ambapo kila mtu anamwona.

"Haya," anasema. "Leta. Na kila moja useme."

Awoi anafunua kikapu. Ekeno anapaka uzi wa kwanza, ule mkubwa wa mabegani, mafuta yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Mikono ya Awoi, ambayo tangu asubuhi haijakosea tundu la sindano, inakosea fundo la kwanza.

"Hii ni ya mama yangu, Namuar," anasema. "Yuko hai."

"Sauti," anasema mama.

"Hii ni ya mama yangu, Namuar. Yuko hai."

Uzi wa pili, vilevile. Wa tatu, watoto wa shule wameshashika, wanaitikia wote pamoja kwamba yuko hai, na ukumbi unapata joto. Kwenye mlango wanaume waliokuwa nje wanasogea. Mahali fulani katikati, Awoi anakuwa analia huku akiendelea kufunga mafundo, na mama yake haangalii chini wala pembeni.

Zinapanda. Mabegani, shingoni, chini ya kidevu. Uzi mmoja unakaza.

"Taratibu," anasema Namuar. "Usiniue kweli."

Hapo ndipo ukumbi wote unacheka, na Namuar mwenyewe anacheka, kicheko kifupi, na kwa kuwa shanga zimebana anacheka kwa mabega. Anainua mkono anaugusa ule uzi wa juu. Anapapasa fundo kwa kidole, kama anavyopapasa mtu wa kazi. Anasema uzi ni mzuri. Anasema Awoi hajapoteza rangi yoyote.

Kwa Awoi hilo linatosha. Anakaa chini kwenye sakafu, pale pale miguuni pa mama yake, na mama anaweka mkono kichwani pake na kuuacha hapo huku akiongea na wengine.

Kijana wa kambini anainua simu apige picha. Namuar anamwinulia kiganja. Kijana anashusha simu, anakuja karibu, anaomba kwa adabu. Namuar anamuuliza ataipeleka wapi. Kijana anasema kwa marafiki. Namuar anashusha kiganja.

"Piga," anasema. "Lakini uandike niko hai."

Mchana kina mama wawili wa Kakuma wanamwendea Awoi bila kuitwa. Mmoja ana kibuyu cha mama mkwe wake, na anasema mama mkwe yuko nyumbani, anaweza kuja nacho kesho, kama gari litamfuata. Awoi anasema atamfuata kwa miguu kama gari halipo. Na atafanya hivyo, ukimwona utaamini, ingawa hajala kitu tangu asubuhi na wenzake wamechoka kumwambia.

Mpango wake sasa ni kupeleka maonyesho Kaikor. Si ukumbini, kwa sababu hakuna ukumbi, bali nje, bomani kwa mama, baada ya mvua, mbuzi wakiwa karibu na maziwa yapo. Halafu Lokori kwa mjomba. Anataka kila mahali kitu kiondoke na mwenyewe aliyekuja nacho.

Alimwomba Namuar ruhusa mbele yetu, safari hii aliomba. Mama alikubali ila kwa sharti moja, na alilisema akimtazama Ekeno aliyekuwa anafunga pembe yake ya mafuta.

"Wale wote walionililia, waje," alisema Namuar. "Wengine nilikuwa sijui kama wananipenda."